Ukiita prosija, inakuja na jibu la mkiani

Haya wadau, mnanisikia huko nyuma? Leo sina slaidi, nina kosa moja tu la MySQL lililoninyima usingizi, namba 2014, "Commands out of sync". Nani kashakutana nalo? Eeh, naona mikono, poleni.

Ilikuwa hivi, kuna chama kimoja cha akiba na mikopo kilinipa kazi, lugha ya PHP na databesi ya MySQL, na rejesho lilikuwa linaingia kwa njia tatu, kwenye wavuti, kwenye simu, na kwenye skripti ya usiku, sasa sikutaka hesabu ya faini niiandike mara tatu, nikaitia ndani ya databesi kama prosija, yaani amri za SQL, lugha ya databesi, zilizohifadhiwa humo kwa jina moja, unaziita kwa CALL. Nikaandika CALL lipa_rejesho(104, 50000), safi kabisa, salio likarudi. Mstari unaofuata SELECT ya kawaida ya kuvuta jina la mwanachama, puu, 2014! Nikakaa mpaka saa nane usiku naikarabati hiyo SELECT ambayo masikini haina kosa lolote. Kumbe prosija ikishakupa safu zako inaleta na jibu la pili, tupu, la kusema tu nimemaliza, usipolipokea linaziba njia na kwiri nyingine haipiti kwenye koneksheni hiyohiyo. Dawa yake, PHP ina njia mbili za kuongea na MySQL, mysqli na PDO: kwenye mysqli unafanya free() ya matokeo ya kwanza halafu next_result() mpaka yaishe, kwenye PDO closeCursor() inatosha.

Zile OUT nazo, yaani vigezo ambavyo prosija inarudishia jibu, msihangaike kuzibaindi (kuziunganisha na vigeu vya PHP) kwa PDO ya MySQL, andika CALL hesabu_salio(104, @salio) kisha SELECT @salio, basi.

Dada pale mbele kauliza kama prosija inazuia wadukuzi kuchomeka SQL yao. Hapana dadangu, ukiunganisha maneno kwa CONCAT humo ndani halafu ukapiga PREPARE, yaani kuyageuza kuwa amri ya SQL, umelihamisha tundu tu. Faida iko kwingine: yuza wa wavuti, yaani akaunti ambayo PHP inaingilia kwenye databesi, mpe EXECUTE peke yake, ruhusa ya kuita prosija tu, meza zenyewe asiziguse, maana prosija isipoambiwa vingine inatumia haki za yule aliyetajwa kuwa mwenye nayo. Mimi nilipofanya hivyo ile SELECT yangu ya jina ikagoma tena, safari hii kwa haki kabisa, ikabidi nayo niiingize ndani ya prosija.

Nani ana laptopu yenye MySQL tujaribu hapahapa? Ila ile DELIMITER, amri ya kubadilisha alama ya kumalizia amri unapoandika prosija, usiipeleke PHP, hiyo inaeleweka na programu za mteja kama kile kidirisha cheusi cha mysql, seva yenyewe haiijui.