Suala Zima, Suala Nusu

[Muziki unapungua]

REHEMA: Kombo, leo salamu fupi. Simulia ya Jumatano.

KOMBO: Wasikilizaji mnanijua mie. Sina hasira.

REHEMA: Wanakujua, ndiyo maana wamekaa vizuri.

KOMBO: Sina hasira! Nimepeleka safu yangu, maneno 780. Nafasi yenyewe ni ya 450. Nikasema mhariri ni mtu mzima, ataelewa. Jumatano nafungua gazeti, safu inaanzia aya ya tatu. Ya kwanza na ya pili zimeondoka, hata kuaga hazikuaga. Na ya tano pia, ile ya baba.

REHEMA: Nami nikakupigia simu kukupongeza.

KOMBO: Hapo ndipo paliponiuma, dada. Umenipongeza kwa kazi ya mkasi wa mwenzangu.

REHEMA: Nilidhani umekua! Usiku uleule ukaipandisha mtandaoni, naisoma tena, nakuta marehemu wote wamefufuka. Tena nimeinakili aya ya kwanza. Naisoma.

KOMBO: Usisome.

REHEMA: "Ni vyema ikafahamika kwamba suala zima la uchukuaji wa maamuzi katika ngazi ya familia ni suala ambalo limekuwa likikabiliwa na changamoto mbalimbali." Maneno 22. Nimehesabia vidole vya mikono, nikaazima vya miguu, bado mawili yakakosa pa kukaa.

KOMBO: Sentensi ina uzito.

REHEMA: Ina mizigo. Kwani ulitaka kusema nini?

KOMBO: Kwamba... familia nyingi hushindwa kuamua pamoja.

REHEMA: Matano. Na hilo "suala zima", nusu yake uliiacha wapi? Umewahi kumsikia mtu akisema, "Ndugu zangu, leo nitagusia suala nusu"?

KOMBO: [anacheka] Mbona kila msemaji anasema hivyo!

REHEMA: Msemaji ana sababu. Kipaza sauti kiko mdomoni, watu wanamtazama, anatafuta neno lijalo. "Suala zima la" linamnunulia sekunde mbili. Wewe ulikuwa umekaa peke yako, unamnunulia nani muda?

KOMBO: Sawa, nawe nikukumbushe ujumbe wako wa Jumapili. "Nimo katika zoezi zima la kulala."

REHEMA: Ule ulikuwa mzaha!

KOMBO: Zoezi, tena zima. Nusu yake hulali?

REHEMA: Haya, tuliahidi mafunzo matano ya uandishi wa safu. La kwanza: kufupisha kunakula muda kuliko kuandika. Blaise Pascal, Mfaransa, aliomba radhi mwaka 1656 kwamba barua yake imekuwa ndefu kwa kuwa hakupata nafasi ya kuifupisha.

KOMBO: Si Mark Twain huyo?

REHEMA: Twain hubambikiwa kila kauli iliyopotelewa na mwenyewe. Ni Pascal.

KOMBO: Basi nami natoa hoja. Kikomo cha maneno kwa Kiswahili chetu kina mwanya. Chukua "wasipotuelewa". Ndani mna wao, mna kukanusha, mna sharti, mna sisi, mna kuelewa. Kompyuta inahesabu moja! Nikiacha "watu ambao hawasomi" nikaandika "wasiosoma", nimeokoa mawili bila kumkata mtu.

REHEMA: Naam! Hiyo ndiyo kazi ya safu fupi. Hukuwahi kumfukuza "ambao" mpaka ulipokosa pa kumweka. Sasa kama unajua, mbona mtandaoni umemrudisha?

KOMBO: Kwa sababu mtandaoni hapana ukuta. Twitter wenyewe mwaka 2017 walitoka herufi 140 wakaenda 280, na mbingu hazikuanguka.

REHEMA: Walioshindwa kwa 140 wakapewa nafasi ya kushindwa mara mbili.

KOMBO: Sikiliza, Rehema, hapa sicheki. Aya ya tano ilikuwa ya baba. Likitokea jambo nyumbani anatuuliza kwa zamu, anaanzia kwa kitinda mimba ili asije akaiga wakubwa. Mdogo wetu ana miaka sita, anasimama na mikono nyuma, anatoa maoni yake. Mhariri aliiondoa hiyo akaacha hoja yangu kavu. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo safu.

REHEMA: Kama ndiyo safu, mbona uliiweka aya ya tano?

KOMBO: Nilikuwa naijengea.

REHEMA: Uliijengea kwa suala zima! Ungekata mwenyewe zile mbili za mwanzo, mhariri asingemfikia baba. Kilichomtoa baba ni kalamu yako.

KOMBO: Kilichomtoa ni mtu asiyemjua baba. Na mtandaoni ndiko nilikomrejesha.

REHEMA: Mrejeshe ndani ya 450. Wewe umerejesha ukoo mzima. Halafu juu umeandika "ilichapwa gazetini". Hiyo haikuchapwa popote, Kombo. Iliyochapwa ni nyingine.

KOMBO: Jina lililo juu ni langu, na niliyoyaandika ni yale.

REHEMA: Msomaji anadhani anasoma iliyopita kwa mhariri.

KOMBO: Msomaji anataka kunisoma mimi.

REHEMA: Hapo sikubali.

KOMBO: Wala mimi.

[Kimya]

REHEMA: ...Naoneshwa vidole. Dakika mbili.

KOMBO: Mafunzo manne yamebaki!

REHEMA: La nne nalisema mbio, lina kesi ndani yake. Kabla hujapandisha safu yako mtandaoni, soma mliyokubaliana na gazeti. Kama wamechukua haki zote, omba ruhusa, na kama wametaka usubiri siku kadhaa, subiri.

KOMBO: Na la pili na la tatu?

REHEMA: Wiki ijayo.

KOMBO: Ulisema hivyo wiki iliyopita.

REHEMA: Wiki iliyopita wewe ulisimulia ndoto dakika 20.

KOMBO: Ilikuwa na uzito. Ila baba haondoki mtandaoni, nakwambia mapema.

REHEMA: Nani amesema aondoke? Nasema ahamie aya ya kwanza. Na yale maneno "ilichapwa gazetini" uyatoe, uandike kwamba umeongeza.

KOMBO: Fundi, muziki.

REHEMA: Kombo, neno moja tu, "imeongezwa", hata kikomo huvu—

[Muziki]