Uliza betri kwanza, msumeno baadaye

Asanteni, kaeni jamani. Naona kuna sura za mwaka jana hapa, nyinyi mtanivumilia maana nitarudia yale yale ya kununua mashine za betri, na narudia kwasababu juzi tu kijana mmoja wa Mbezi kanipigia simu, kanunua chenso ya mpini mrefu ya betri, ule msumeno wa kukatia matawi ya juu, mashine nzuri kabisa, haina betri. Boksi limeandikwa wazi kwamba ni mashine tupu, yeye kaona bei iko chini kafurahi. Sasa betri yake kaitafuta mjini hapa hajaipata, mashine imelala ndani na kazi ya watu imesimama.

Kwahiyo naanza hapo hapo. Ukiingia dukani usishike msumeno, uliza betri. Betri ya Makita haiingii kwenye Stihl, ya Stihl haiingii kwenye EGO, kila kampuni ina mlango wake. Siku unanunua betri ya kwanza ndo umeshachagua na blowa ya kupuliza majani, na mashine ya michongoma, na chenso, kwa miaka yote inayokuja. Uliza duka: hii betri mnayo nyingine? Ikifa mwakani nitaipata hapa hapa? Akianza kuzunguka zunguka, toka.

Alafu watu wanagombania volti. Boksi moja 36, jingine 40, mtu anakimbilia la 40 anadhani kapata nguvu zaidi. Mara nyingi ni kitu kilekile! Ndani kuna seli 10, kila seli ikitoka kwenye chaji imejaa ni kama volti 4 hivi, ikiwa kazini unaihesabu 3.6, basi mmoja kaandika ya juu mwingine kaandika ya kazini. 18 na 20 nako hivyo hivyo, seli 5. Wewe piga hesabu ya volti mara ampea za saa, volti 36 mara ampea za saa 5 unapata wati-saa 180, ndo umeme uliomo kwenye betri. Mota ikivuta wati 600 ikiwa inakata, hizo ni dakika 18 za kukata bila kupumzika. Najua mtu anasikia dakika 18 anaguna. Lakini tawi nene kama mkono unalikata kwa sekunde chache tu, muda mwingine wote unatembea, unaangalia linaangukia wapi, unaburuta matawi. Kwa kazi ya kutwa nzima mimi natembea na betri tatu, moja kazini, moja kwenye chaja, moja inapoa. Kupoa ni lazima, betri ikitoka kazini ya moto chaja nzuri inaikataa mpaka ipoe, kwahiyo usiiache juani kwenye kirikuu alafu ulalamike chaja mbovu.

Sasa chaja. Hapa niliumia mimi mwenyewe na ndo maana sichoki kusema. Nilikuwa nimepata kazi Mikocheni, nyumba za kupangisha, miembe na mikrismasi imeshaanza kulalia mabati. Shemeji yangu yuko Texas, nikamwambia ninunulie huko, akanunua seti nzima akaipakia kwenye kontena. Imefika, nimefungua kwa furaha, nikachomeka chaja ukutani. Pah! Moshi. Nikageuza kibandiko nikasoma, volti 120. Umeme wetu ni 230. Chaja ilikuwa nzima kabisa, mimi ndo sikusoma. Nikaenda kununua transfoma ya kushusha umeme, kale kadogo ka wati 100, nikaazima chaja nyingine ya kimarekani kwa jamaa, nayo chaja za haraka kama zile zinaweza kutaka wati 300 au 400, transfoma ikachemka mpaka ikafa. Mpwa wangu alikuwa anakuja likizo, nikamuagiza chaja na betri moja ya ziada, pale uwanja wa ndege betri ikazuiwa. Betri ya lithiamu ikizidi wati-saa 160 abiria haruhusiwi kupanda nayo, iwe kwenye begi la mkononi au la chini, na ile ilikuwa 180. Ile hesabu niliyowapa sasa hivi ningeipiga kabla ya kumuagiza, ningejua. Miezi minne imepita hivyo, kazi ya Mikocheni kapewa mwingine, na mwisho nikanunua nyingine hapa hapa yenye kibandiko cha 220 mpaka 240. Kwahiyo kabla hela haijatoka mfukoni, geuza chaja. Usome. Ikiandikwa 100 mpaka 240 pia iko sawa.

Kuna mzee kila mwaka ananiuliza mbona nisitumie ya petroli, ina nguvu. Ina nguvu mzee wangu, ukienda porini kukata kutwa nzima mbali na umeme beba ya petroli. Lakini kwenye hoteli saa moja asubuhi wageni wamelala utaiwasha? Na mchanganyiko wa oili ni petroli 50 kwa oili 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ukiukosea utaua injini.

Uzito, haraka haraka. Usisome kilo kwenye boksi ukaridhika. Ingiza betri, refusha mpini mpaka mwisho, inyanyue dakika mbili hapo hapo dukani. Nyingine mota iko juu kabisa kwenye ncha, mabega yatakwambia. Nyingine mota iko chini nyuma, nguvu inapanda kwa shafti, hiyo ina afadhali sana. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, ondoka.

Cheni butu inakula betri, tembea na tupa ya kuinolea, milimita 4 kwa cheni nyingi za inchi 3/8 ndogo, 3.2 kwa zile nyembamba za robo inchi. Tawi zito anza kulichanja kwa chini ndo ukate juu, na usisimame chini yake hata siku moja.

Naambiwa muda umeisha, hili siliachi. Mpini wa alumini unapitisha umeme. Kuwa na betri hakukukingi na waya wa TANESCO, vitabu vya maelekezo vinataja mpaka mita 15 kutoka kwenye waya na wewe unakata kwa mita mbili kwasababu mwenye nyumba anakuharakisha! Waya ukipita kwenye mti, mwambie awaite TANESCO, ukose hiyo hela.

Haya, kuna mwarobaini hapo nje, hauna waya, nimeshaukagua. Vaeni helmeti na miwani, na kijana uliyekaa karibu na mlango niletee ile betri ya kwenye kivuli, siyo ya kwenye gari.