Nai yenye ujumbe: Iqbal mbele ya Rumi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mzee wetu uliyetufungulia kwa dua, ahsante sana.

Nitaanza na nai, kwa sababu karibu yote nitakayosema leo yametoka ndani yake. Ni tete lililokatwa, likatobolewa, likapitishwa pumzi. Waliokulia karibu na vikundi vya taarabu kule Unguja wanaujua mlio wake. Kabla ya sauti kutulia unausikia kwanza upepo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka jambo zito.

Jalaluddin Rumi, mshairi wa Kisufi aliyezaliwa 1207 na kufariki Konya mwaka 1273, aliifungua Mathnawi, utenzi wake mkuu wa Kiajemi, kwa nai. Kitabu kina beti kama 25,000, na beti zake ni za mishororo miwili, si minne kama shairi letu. Beti ya kwanza inasema: sikiliza nai inavyosimulia, inavyolalamikia kutengana. Tangu nilipokatwa kwenye matete, inasema nai, wake kwa waume wamelia kwa kilio changu. Kila aliyetupwa mbali na asili yake huitafuta siku ya kurudi.

Miaka mia sita na zaidi baadaye, mwaka 1877, mshairi na mwanafalsafa Muhammad Iqbal alizaliwa Sialkot, Punjab, chini ya utawala wa Waingereza. Alisoma Lahore, kisha Cambridge, na mwaka 1908 akachapisha tasnifu yake ya uzamivu ya Munich kuhusu falsafa ya Uajemi. Alisomea na sheria pia. Angeweza kurudi nyumbani na wanafalsafa wa Kijerumani, Hegel na Nietzsche, mkobani, akatosheka nao. Lakini mwaka 1915 alitoa utenzi mrefu wa Kiajemi, *Asrar-i Khudi*, yaani Siri za Nafsi, na mwanzoni mwake anasimulia usiku aliokuwa akilalama hadi usingizi ukamchukua. Rumi akamtokea. Akamwambia aache kunyamaza kama ua lililofumba. Kisha akamwambia neno ambalo naomba mlishike: kama nai, lete ujumbe kutoka kwenye matete.

Lete ujumbe! Nai ya Mathnawi ilikuwa inalia, hii inatumwa. Kwangu mimi, uhusiano wote wa washairi hawa wawili umo katika badiliko hilo dogo, na aliyelifanya ni mwanafunzi, akaliweka kinywani mwa mwalimu.

Tena aliliweka katika bahari, yaani mizani, ileile ya Mathnawi: *fa'ilatun fa'ilatun fa'ilun*. Sisi tunaojua mizani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtu akianza kughani kwa mahadhi ya utenzi, kabla hujashika neno la pili umeshawasikia wazee waliomtangulia. Msikilizaji wa Kiajemi akisomewa *Asrar*, sikio lake linamsikia Rumi kwanza, Iqbal baadaye.

Sasa tatizo. *Khudi* kwa Kiajemi na Kiurdu lilikuwa neno baya, maana yake majivuno, mtu kujiona. Kwetu ni hivyohivyo: chukua *nafsi*, ifanye *ubinafsi*, na tayari umemtukana mtu. Iqbal alilichukua neno hilo la aibu akaligeuza kuwa jina la kile kinachomfanya mtu awe mtu: nafsi iliyojitambua, yenye shauku, isiyokubali kufutika. Washairi wengi wa Kisufi walikuwa wameimba juu ya tone linaloingia baharini likapotea. Iqbal akasema tone likihifadhi somo la nafsi, hugeuka lulu. Lulu imo baharini, imezungukwa na maji pande zote, na haiyeyuki.

Watu walikasirika, hasa kwa sababu katika chapa ya kwanza alimshambulia mshairi Hafiz wa Shiraz kuwa anawalaza watu usingizi. Beti zile aliziondoa katika chapa ya pili. Lakini swali lilibaki: je, huyu si amemsaliti Rumi, bingwa wa fanaa, yaani kufutika kwa nafsi mbele ya Mungu?

Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Liko katika juzuu ya tatu ya Mathnawi. Rumi anasema: utazame mwali wa mshumaa mbele ya jua. Upo na haupo. Haupo, kwa kuwa haukupi nuru yoyote, jua limeufunika. Lakini upo, kwa sababu ukiweka pamba juu yake, pamba itaungua. Jaribuni wenyewe adhuhuri, nje, kwenye jua kali: mwali huuoni sawasawa, na kidole kinaungua. Kwa Rumi mwenyewe, basi, kufutika hakukuwa kutoweka kabisa. Iqbal hakuibuni lulu yake kutoka hewani. Alichagua upande mmoja wa mwalimu wake, ule ambao wengi waliupita haraka, akaukazia.

Iqbal alivyojifunza kwa Rumi tunaona wazi zaidi katika diwani yake *Bal-i Jibril* ya mwaka 1935. Mna shairi la pir na muridi, yaani shekhe na mwanafunzi. Muridi anauliza kwa Kiurdu, shekhe anajibu kwa Kiajemi, na majibu ni beti za Mathnawi zenyewe. Muridi analia kwamba elimu ya leo imeidhoofisha dini. Shekhe anajibu: elimu ukiipiga mwilini ni nyoka, ukiipiga moyoni ni rafiki. Beti ni ya karne ya 13. Swali la 1935 ndilo linaloifungua upya. Miaka mitatu kabla, katika utenzi wake *Javid Nama*, Iqbal alikuwa amemfanya Rumi kiongozi wake wa safari ya mbinguni, lakini mimi naona hapa pana ukweli zaidi, kwa sababu hapa muridi anahoji.

Mwishoni mwa maisha yake Iqbal aliandika kwamba yeye kama Rumi aliadhini ndani ya Haram, mahali patakatifu, na kwamba siri za roho alijifunza kwake: yule katika fitina ya zama zilizopita, yeye katika fitina ya zama hizi. Rumi aliishi wakati Wamongoli walipoiangusha Baghdad, 1258. Iqbal aliishi chini ya mkoloni, na mwaka 1924 akashuhudia ukhalifa ukifutwa. Alifariki Lahore mwaka 1938.

Nimalizie kwa ukurasa wa kwanza wa *Asrar*. Katika maelfu ya beti za Rumi, Iqbal alichagua tatu za kuweka pale mlangoni. Shekhe anazunguka mji na taa mkononi: nimechoshwa na mashetani na wanyama, mtu ndiye ninayemtamani. Wanamwambia: hapatikani, tumeshatafuta. Naye anajibu: kile kisichopatikana, hicho ndicho ninachokitamani.

Sasa nawasikiliza nyinyi.