Konea ya mwenye kisukari: jicho lisilouma

Ndugu zangu, kila mkija kliniki ya kisukari mnasikia habari za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na ni haki, maana huko ndiko kisukari kinakopofusha wengi. Leo naomba tusogee mbele ya jicho, kwenye konea, kile kioo angavu kinachofunika mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu.

Ngozi ya juu ya konea ina tabaka tano hadi saba za seli, nayo hujivua na kuota upya ndani ya siku saba hadi kumi. Imeshikizwa kwenye utando wa chini kwa vishikizo vidogo mno, mfano wa vifungo vya shati. Sukari ikikaa juu miaka mingi hung'ang'ania protini za utando ule. Utando unanenepa, vifungo vinalegea. Basi ngozi hiyo hubanduka kwa jambo dogo, na ikibanduka hukawia kurudi. Mkwaruzo ambao kwa mwingine hufunga kwa siku moja hadi tatu, kwa mwenye kisukari unaweza kuchukua wiki.

Halafu kuna neva, yaani mishipa ya fahamu. Konea imejaa neva kuliko karibu kiungo kingine chochote, ndiyo maana punje moja ya mchanga humliza mtu mzima. Neva hizo hazileti maumivu tu: zinaamuru machozi, zinaamuru kupepesa, na zinazilisha seli za juu. Ganzi ile mnayoijua miguuni hufika na huku. Kuipima ni rahisi. Tunasokota pamba iwe kama uzi, tunaileta kwa pembeni mgonjwa asiione, tunagusa konea kidogo. Jicho zima hufumba papo hapo. Lenye ganzi hubaki limekodoa.

Sasa tuseme mwenye konea ya namna hii amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nyuma ya konea kuna safu moja ya seli zinazovuta maji nje ili kioo kibaki angavu. Mtu mzima anazo kama 2,500 kwa kila milimita mraba, zikifa hazioti tena, na kila upasuaji huua baadhi. Za mwenye kisukari huchoka upesi, kwa hiyo ukungu wa siku za mwanzo hukawia kuondoka. Ukungu unaopungua kila siku si wa kutisha. Unaoongezeka ni wa kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya upasuaji, ukiambiwa usile, uliza kabla: insulini au vidonge nifanyeje? Kuchoma dozi yote tumbo likiwa tupu huweza kushusha sukari chini ya 4 mmol/L, na mgonjwa anayetetemeka hafai kulala mezani.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja. Jicho halina nafasi ya la pili. Fumba, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Dawa ya pili isubiri dakika tano. Ncha ya chupa isiguse jicho kamwe: ukijikwaruza hutasikia. Matone ya kupunguza uvimbe, kama diklofenaki, usiyaendeleze kupita siku ulizoandikiwa, kwa sababu kwenye konea yenye kidonda yanaweza kuiyeyusha mpaka itoboke. Na ya ganzi yasiingie nyumbani kabisa.

Tafadhali, msingoje maumivu. Kioo cha ukutani na jicho la pili ndivyo vipimo vyenu: kila asubuhi funika jicho lisilopasuliwa, tazama kalenda kwa lile lililopasuliwa. Wekundu ukizidi, usaha ukitoka, au tarakimu za jana zikipotea leo, nenda. Ukifika, omba upakwe rangi ya fluoresini. Chini ya mwanga wa bluu, pale ngozi ilipobanduka huwaka kijani, hata kama wewe husikii kitu.