Kilichoiweka Kusini Mbali

Ndugu zangu, sitaanzia Mbagala, maana foleni ya pale kila mmoja wenu anaijua. Naanzia Kibiti. Ukitoka Kibiti unaingia Ikwiriri, kisha mto Rufiji, na habari ya barabara ya kusini, hii ya kutoka Dar kwenda Lindi na Mtwara, iko pale mtoni.

Vijana mnavuka Daraja la Mkapa mmelala ndani ya basi. Mita 970, hata ndoto haikatiki. Lakini daraja lile lilifunguliwa Agosti 2003. Zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru! Kabla ya hapo tulivushwa na pantoni pale Ndundu. Nimelisimulia hili mara nyingi, na leo nalirudia. Mnafika ukingoni alasiri, mnakuta malori yamepanga mstari, pantoni mbovu au maji yamepanda. Mnalala. Mama mwenye mtoto mgongoni ananunua ugali na samaki kwa wenyeji mpaka hela ya safari inamwishia. Masika moja nililala pale siku tatu. Tulikuwa tunatoka kusini, na kwenye basi la nyuma yetu kulikuwa na mgonjwa anapelekwa Dar. Usiku wa kwanza tulimsikia akiugua. Usiku wa pili wanawake walikaa naye wakimpepea mbu kwa kanga. Siku ya nne pantoni ikatengemaa, sisi tukavuka. Ndugu zake hawakuvuka. Walitafuta lori la kurudisha maiti nyumbani.

Kwa hiyo mtu akiniambia watu wa kusini walichelewa kwa uvivu, sinyamazi. Uvivu gani? Mkulima wa Masasi amepalilia mikorosho, ameokota, amejaza magunia. Msimu unaanza Oktoba, ikifika Desemba mvua imeshaanguka na njia imeshakuwa tope. Angefanya nini zaidi?

Kuna anayetaka kuniuliza, namwona: si mngepita Songea? Haya, tupite. Dar, Morogoro, Iringa, Makambako, Songea, Tunduru, ndipo Masasi. Unaizunguka nchi kumfuata jirani! Na miaka hiyo Songea hadi Masasi lami haikuwepo.

Daraja lilipokuja tulipiga vigelegele. Haki yetu. Lakini kuanzia Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, lami ilingojewa zaidi ya miaka 10 mingine. Basi linavuka mto kwa dakika moja, mbele kidogo linazama, abiria wanashuka kusukuma. Bonde la Rufiji linapokea maji ya karibu sehemu moja ya tano ya nchi hii. Huwezi kupita pale kama unapita Dodoma.

Na msidhani yamekwisha. Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, watu wakakwama huku na huku. Nikaambiwa, mzee, haya ni mabadiliko ya tabianchi. Sibishi. Lakini kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, wazee walikisimulia. Maji hayakuja juzi. Milima ya Matumbi iko juu, bahari iko chini, barabara inapita katikati. Kila kijito kinachoteremka lazima kiikate. Kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, likiwa dogo, tuta la barabara linageuka bwawa. Bwawa likijaa, linapasuka. Ndivyo ilivyo, na hilo halihitaji shahada.

Nilitaka kuwapeleka Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, kisha Mbwemkuru, Mingoyo, hadi Daraja la Umoja mtoni Ruvuma. Naoneshwa saa. Basi, hayo yabaki.

Ila wahandisi mliokaa mbele, hili nawaomba kwa dhati: mkienda kupima madaraja mapya, msiende kiangazi peke yake. Nendeni Aprili. Ketini na wazee wa Somanga, wawaoneshe kwenye shina la mwembe mahali maji yalipofika.