Nani Mkali Zaidi? Futiboli ya Sekondari Marekani na Watani Wake wa Jadi

ZUHURA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Baraka, na leo tunazungumzia futiboli ya Marekani, ile ya mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi. Si ile ya kulipwa wala ya vyuo vikuu. Ni ya sekondari, ile ya Ijumaa usiku. Mmetuuliza sana swali moja: ukizilinganisha timu za majimbo yote, nani mkali?

BARAKA: Mimi nalijibu bila kupepesa macho, dada. California, tena kusini mwa California. Mater Dei ya Santa Ana na St. John Bosco ya Bellflower. Shule mbili za Kikatoliki, ligi moja, inaitwa Trinity League. Kwa miaka mingi sasa, orodha ya taifa ya timu bora za sekondari ikitoka, mojawapo utaikuta juu kabisa au karibu na hapo. Mater Dei peke yake imetoa makwotabeki watatu, yaani wale warusha pasi wanaoongoza mashambulizi, waliokuja kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo: John Huarte mwaka 1964, Matt Leinart 2004 na Bryce Young 2021.

ZUHURA: Hiyo orodha inapangwaje?

BARAKA: Ziko za waandishi, ziko za kompyuta. Ya kompyuta inachukua matokeo ya kila mechi, inaangalia umeshinda kwa alama ngapi, uliyemshinda naye amemshinda nani, na yule naye kamshinda nani, mpaka mtandao mzima unakamilika.

ZUHURA: Hapo ndipo tunapoachana. Timu ya sekondari inacheza kama mechi kumi tu kabla ya mtoano, na karibu zote ni ndani ya jimbo lake. Mechi zinazokutanisha shule za Ohio na za California kwa mwaka ni za kuhesabu. Kwa hiyo kompyuta inavuka bara zima kwa kukanyaga vijiti viwili vitatu. Kimoja kikiyumba, yaani timu moja ikiwa na majeruhi usiku huo, hesabu ya jimbo zima inahama.

BARAKA: Nakubali mechi ni chache. Lakini wapo waliokuwa tayari kusafiri wakajipima. Chukua De La Salle ya Concord, kaskazini mwa California. Chini ya kocha Bob Ladouceur walishinda mechi 151 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 2003. Watu wakasema, aah, hao wanafunga majirani tu. Oktoba 6, 2001 wakashuka kusini kucheza na Long Beach Poly, shule kubwa ya serikali yenye vipaji vya kutisha. Ilikuwa mara ya kwanza namba moja na namba mbili wa nchi nzima kukutana uwanjani. De La Salle wakashinda 29 kwa 15. Kijana Maurice Drew, aliyekuja kung'ara na timu ya kulipwa ya Jacksonville Jaguars, alifunga tachidauni nne usiku ule, yaani alifikisha mpira mwisho wa uwanja mara nne.

ZUHURA: Na mfululizo ulikatikia wapi?

BARAKA: Seattle. Septemba 4, 2004. Bellevue ya jimbo la Washington, 39 kwa 20.

ZUHURA: Umeona sasa. Nje ya jimbo lao, na kwa timu ambayo wengi hawakuiweka hata kwenye mazungumzo. Bellevue walishika mchezo wao wa kukimbia na mpira, wakaung'ang'ania usiku kucha, na De La Salle hawakupata dawa.

BARAKA: Ngoja kidogo, dada, maana mechi ile siwezi kuisoma kwenye karatasi tu. Wiki chache kabla yake, mchezaji wa De La Salle aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule aliuawa kwa kupigwa risasi, zikiwa zimebaki siku chache aende chuo kikuu cha Oregon. Vijana walimzika mwenzao, kisha wakapanda ndege kwenda kucheza. Bellevue walistahili ushindi wao, hilo silipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hao ni watoto wa miaka 16 na 17, na orodha haina safu ya kuandika msiba.

ZUHURA: Hapo tuko pamoja. Sasa nikurudishe kwa hao wapenzi wako wa Trinity League. Umewahi kuangalia wanapokutana mara mbili kwa msimu mmoja?

BARAKA: Naijua hiyo. Mwaka 2023 ndio unaniuma kichwa. Kwenye ligi, Bosco wanashinda 28 kwa 0. Mater Dei hawapati hata alama. Wiki chache baadaye, fainali ya kanda yao, Mater Dei wanashinda 35 kwa 7.

ZUHURA: Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 Bosco walishinda mechi ya ligi, fainali wakaipoteza. Mwaka 2019 Mater Dei wakashinda ligi, fainali ikaenda Bosco. Mwaka 2022 ikajirudia hivyo hivyo: Mater Dei 17 kwa 7 kwenye ligi, halafu Bosco 24 kwa 22 fainali. Sasa niambie, kaka. Timu mbili za miji ya jirani, makocha wanajuana, wachezaji wamekua pamoja, zinacheza mara mbili kwa msimu na bado hatujui nani mkali. Unanilinganishia vipi mmojawao na timu ya Texas ambayo hajawahi kuiona?

BARAKA: Jibu langu ni kwamba kutojua nani kati ya wawili si sawa na kutojua chochote. Bosco walipomaliza na Mater Dei mwaka 2022, walikwenda fainali ya jimbo wakamfunga Serra ya San Mateo 45 kwa 0. Mwaka uliofuata Mater Dei nao wakamfunga Serra huyo huyo 35 kwa 0. Serra ni bingwa wa kaskazini, si timu ya kubeza. Kwa hiyo hesabu inasema kitu: hawa wawili wako daraja lao peke yao.

ZUHURA: Sawa, hiyo nakupa. Ila tuseme na sababu yake. Hizo ni shule binafsi. Mtoto anaweza kutoka mji wa mbali akajiunga, mradi familia imemudu au amesaidiwa ada. Shule ya serikali kwa kawaida inachukua watoto wa mtaa wake. Ukiziweka kwenye orodha moja unalinganisha timu iliyochaguliwa na timu iliyozaliwa.

BARAKA: Duh. Hilo limeniingia.

ZUHURA: Na ndiyo maana nataka twende Ohio. Shule ya Massillon na shule ya McKinley ya mji wa Canton. Miji hiyo imeachana kama kilomita 13 tu, na wamekuwa wakikutana tangu 1894. Massillon ni mji wa watu kama 32,000, na uwanja wa shule unaingiza zaidi ya 16,000. Nusu ya mji! Uwanja wenyewe una jina la Paul Brown, aliyewafundisha kuanzia 1932 hadi 1940 akapoteza mechi nane tu, kabla ya kwenda kuwa kocha wa kwanza wa timu ya kulipwa ya Cleveland Browns.

BARAKA: Timu inaitwa Tigers, na kwa miaka mingi walikuwa wakileta chui-milia mchanga, wa kweli, pembeni ya uwanja.

ZUHURA: Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni ule utaratibu wa wodini. Kwa miaka mingi mtoto wa kiume akizaliwa Massillon, chama cha mashabiki kilipeleka mpira mdogo hospitalini. Hebu fikiria: mama amelala, mtoto hata macho hajafungua vizuri, na pembeni yake kwenye kitanda kidogo kuna mpira wa rangi za shule. Yule mtoto hajachaguliwa na mtu. Kipaji chake hakuna anayekijua. Ni wa Massillon, basi.

BARAKA: Kwa ubora lakini, tukizilinganisha hizo mbili?

ZUHURA: Hapo pana utamu wake. Ohio ilianza mtoano wa jimbo mwaka 1972. Kabla ya hapo bingwa alipatikana kwa kura za waandishi, na Massillon walizoa ubingwa mwingi sana kwa kura hizo. Mtoano ulipoanza, wakakauka. McKinley wao wakachukua 1981, 1997 na 1998. Kwa hiyo kila ubishi ukianza, wa Massillon anataja wingi wa mataji ya zamani, na wa Canton anamjibu kwamba ya kwenu ni ya kalamu, ya kwetu ni ya uwanjani.

BARAKA: Mpaka 2023.

ZUHURA: Mpaka 2023! Massillon hawapotezi mechi hata moja, wanashinda zote 16, na fainali wanamfunga Archbishop Hoban ya Akron 7 kwa 2. Alama saba kwa mbili, mechi ya ulinzi tupu. Na ilichezewa wapi? Canton. Kwenye uwanja ulio jirani kabisa na shule ya McKinley, uwanja ambao McKinley wanautumia kama nyumbani. Zaidi ya miaka hamsini ya kusubiri, halafu kombe linapokelewa kwa mtani.

BARAKA: Hiyo mtu wa Massillon ataisimulia mpaka kwa wajukuu.

ZUHURA: Kwenye orodha ya taifa ile 7 kwa 2 inahesabika kama ushindi mwembamba dhidi ya timu nzuri. Ndiyo hivyo tu inavyoonekana.

BARAKA: Basi na mimi nikupeleke Florida, uone kwamba sipendi mashule ya pesa tu. Kusini-mashariki mwa Ziwa Okeechobee kuna udongo mweusi tititi, wenyewe wanauita "muck", na mashamba ya miwa hadi upeo wa macho. Hapo kuna Pahokee, mji usiofika watu 6,000, na Belle Glade wenye kama 17,000. Shule ya Pahokee inakutana na Glades Central ya Belle Glade kwenye mechi inayoitwa Muck Bowl. Pahokee imemtoa Anquan Boldin, na Rickey Jackson ambaye yuko kwenye ukumbi wa magwiji wa futiboli. Glades Central imemtoa Fred Taylor, na Santonio Holmes. Hiyo ni orodha ya wachezaji wa kulipwa ambayo miji yenye watu milioni ingejivunia.

ZUHURA: Na wale sungura wanaosemwa kwamba ndio chanzo cha kasi yao?

BARAKA: Sungura si hadithi ya kubuni. Kabla ya kuvuna, miwa inachomwa moto ili majani yaondoke. Moto ukiingia shambani, sungura wanatoka mbio, na vijana wanawasubiri pembeni kuwakimbiza na kuwakamata kwa mikono. Sasa sungura hakimbii mstari mmoja. Anakata kushoto, anakata kulia, moshi umekujaa machoni, mabua yanachoma miguu. Ukiweza kumkamata huyo, beki wa nje atakusumbuaje? Watu wa kule wanaamini kasi yao inatoka hapo.

ZUHURA: Mimi naongeza kwamba inatoka pia kwenye uhaba. Kule kazi ni za shambani, umaskini ni mkubwa, na mvulana anajua mpira unaweza kumpatia chuo. Sipendi tuisimulie ile sehemu ya sungura kwa furaha tukasahau kwamba wengi wa vijana wale hawakufika kwenye ligi ya kulipwa.

BARAKA: Kweli kabisa, dada. Na ndani ya Muck Bowl yenyewe hilo linaonekana. Wamesoma jirani, wazazi wamefanya kazi mashamba yale yale, wengine ni ndugu wa damu. Halafu usiku mmoja kwa mwaka hakuna undugu.

ZUHURA: Tumalizie Texas, maana tukiiacha watatushukia. Kule daraja linapangwa kwa idadi ya wanafunzi. Shule za 6A, la juu kabisa, zina wanafunzi zaidi ya 2,000. Ndipo unapata Allen, kaskazini mwa Dallas, waliofungua uwanja wa dola milioni 60 mwaka 2012. Wa watoto wa shule!

BARAKA: Mimi kwa Texas nakumbuka mambo ya 1988. Magharibi, kwenye mafuta, Odessa na Midland. Permian ya Odessa, Midland Lee na Midland High zinamaliza wilaya zikiwa sawa kileleni, na nafasi za mtoano ni mbili. Wakarusha sarafu. Msimu mzima, mazoezi ya jua kali lote lile, ukaamuliwa na sarafu. Midland High wakatoka.

ZUHURA: Na Permian wakafika nusu fainali, wakafungwa 14 kwa 9 na Carter ya Dallas. Carter wakachukua ubingwa wa jimbo, kisha wakanyang'anywa baadaye kwa kesi ya alama za darasani za mchezaji mmoja, na taji likaenda kwa Judson ya Converse. Sasa wewe mtu wa orodha, nani alikuwa bora Texas mwaka ule?

BARAKA: Uwanjani, Carter. Hilo nitalisema popote. Sheria ya masomo naiheshimu, ila macho yangu hayawezi kufuta waliyoyafanya.

ZUHURA: Nami nakubaliana nawe, kwa mara nyingine leo.

BARAKA: Kabla hatujafunga, kuna daraja moja ambalo hakuna orodha ya taifa inayoligusa. Shule ndogo za vijijini huko huko Texas, zile zisizo na vijana 11 wa kusimamisha. Zinacheza futiboli ya watu sita. Ilianzishwa Nebraska mwaka 1934 na mwalimu Stephen Epler. Uwanja ni mfupi, yadi 80 kwa 40, unahitaji yadi 15 badala ya kumi kuendelea na mpira, na wote sita wanaruhusiwa kupokea pasi. Ukiongoza kwa alama 45 kipindi cha kwanza kikiisha, au wakati wowote baada ya hapo, mechi inakwisha.

ZUHURA: Na watani wapo?

BARAKA: Wapo, tena mashamba yanapakana.

ZUHURA: Basi hao tutawapa kipindi chao kizima wiki ijayo. Msikilizaji, kama kuna mechi ya watani wa shule unayoifuatilia na hatukuitaja, tuandikie, ila tuambie na ilianza lini na miji imeachana umbali gani.

BARAKA: Na matokeo ya mwaka jana, tafadhali. Nayahitaji kwa orodha yangu.