Amana ya Virginia Key

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Rehema nipo Dar es Salaam, na mwenzangu Salum yupo Florida. Kaka Salum, juzi umenitumia picha ya bembea ya kuzunguka, ile ya farasi wa mbao, ukaandika maneno mawili tu: "Tuongee hii." Nimekaa nayo siku tatu.

SALUM: Pole dada. Ile bembea ipo Virginia Key, kisiwa kidogo hapo mbele ya Miami. Miaka ya 50, mtoto mweusi wa Miami akiambiwa "kesho tunakwenda baharini", alijua anapelekwa pale. Ufukwe wa umma uliotengwa kwa ajili yao ulikuwa huo.

REHEMA: Hebu anza mwanzo, maana wengi wetu Miami tunaijua kwa picha za minazi na magorofa.

SALUM: Basi turudi 1945. Kaunti, yaani wilaya ya Miami, imejaa mchanga na bahari, na watu weusi ndio wanaofua mashuka ya hoteli, wanaopika, wanaolea watoto wa wageni. Mji wa Miami Beach ulitaka mfanyakazi mweusi awe na kitambulisho kilichoandikishwa polisi. Akimaliza kazi, avuke arudi kwao. Bahari anaiona kila siku kupitia dirisha analolifuta.

REHEMA: Anaiona, ila kuikanyaga haruhusiwi.

SALUM: Sasa sikia. Tarehe 9 Mei 1945, siku moja tu baada ya vita kutangazwa kuisha Ulaya, kikundi kidogo cha watu weusi, wanaume na wanawake, wakaenda ufukwe wa Haulover. Ule ulikuwa wa weupe peke yao. Wakaingia majini. Wakili wao, Lawson Thomas, akabaki nchi kavu na nguo zake kavu, mfukoni ana pesa za dhamana.

REHEMA: Ngoja. Yaani walikwenda wakitaka kukamatwa?

SALUM: Ndiyo hesabu yenyewe. Wakikamatwa, kesi inafika mahakamani, na hapo kaunti italazimika kueleza kwa nini ufukwe wa umma unamfukuza mlipa kodi. Polisi walikuja, wakatazama, hawakumgusa mtu. Wakubwa wa kaunti hawakuitaka hiyo kesi. Mazungumzo yakaanza, na tarehe 1 Agosti mwaka uleule Virginia Key ikafunguliwa rasmi kwa watu weusi.

REHEMA: Hata miezi mitatu haikutimia! Na huyu wakili?

SALUM: Mwaka 1950 aliteuliwa kuwa hakimu Miami. Mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa hakimu kusini mwa Marekani tangu miaka ile ya baada ya utumwa.

REHEMA: Mashallah. Lakini kaka, niseme linalonikera. Walidai haki ya kuingia ufukwe wowote, wakapewa ufukwe wao pembeni. Huo si ubaguzi uleule, umewekewa mchanga tu?

SALUM: Ndio uleule, na wao walilijua hilo. Kisiwa hakikuwa hata na barabara. Mlipanda boti kutoka Mto Miami, na ikawa hivyo mpaka barabara ya Rickenbacker ilipofunguliwa 1947. Mkondo wa maji upande ule ni mkali, hadi leo waogeleaji wanaonywa. Na katika miaka ya 50 wakuu wa mji walipotafuta mahali pa kuweka mtambo wa majitaka, unajua waliupeleka wapi?

REHEMA: Usiniambie.

SALUM: Kisiwa hichohicho. Baadaye wakaongeza na dampo.

REHEMA: Subhanallah.

SALUM: Na bado watu wakapafanya kwao. Ndicho kinachonifanya niwaheshimu. Kulikuwa na treni ndogo ya watoto, hiyo bembea, uwanja wa kucheza dansi, vibanda vya kulala familia, mahali pa kununua chakula. Makanisa yakaja kubatiza alfajiri. Nina jirani yangu hapa, mama mtu mzima sana, alibatizwa pale akiwa msichana. Aliniambia kitu kimoja: gauni lake jeupe lilikuwa refu, na mama yake alishona vipande vya risasi, zile za kuvulia samaki, kwenye pindo, ili maji yasilipandishe juu akaadhirika mbele ya watu.

REHEMA: Risasi za mshipi! Hapo nimemwona mama huyo na sindano yake.

SALUM: Akasema alipotoka majini alisikia zile risasi zinampiga kwenye vifundo vya miguu. Ubatizo wake anaukumbuka kwa vifundo vya miguu.

REHEMA: Sasa sheria za ubaguzi zilipovunjwa miaka ya 60, kila mtu akawa huru kwenda anakotaka. Virginia Key ikabaki na nani?

SALUM: Hapo ndipo pana uchungu. Watu wakatawanyika kwenye fukwe nyingine, na ilikuwa haki yao. Mwaka 1982 kaunti ikaikabidhi kwa Jiji la Miami, na haikuchukua muda jiji likaifunga, likisema gharama za utunzaji ni kubwa. Ikawa lango lenye kufuli. Ndani, majani yakameza njia, vibanda vikaoza.

REHEMA: Kwa hiyo wakati wa ubaguzi ilikuwa wazi, na wakati wa uhuru ikafungwa.

SALUM: Miaka ishirini na ushei. Na kumbuka, Overtown, mtaa mkuu wa watu weusi wa Miami, ulikuwa umeshapasuliwa katikati na barabara kuu ya magari. Nyumba, maduka, kumbi za muziki, vyote vilibomolewa. Mahali pa kumwonyesha mjukuu na kusema "hapa ndipo tulipokuwa" pakazidi kuwa pachache.

REHEMA: Nani aligonga hilo kufuli?

SALUM: Bibi mmoja, Athalie Range. Alizaliwa Key West 1915, alikuwa na biashara ya kuzika wafu, na miaka ya 60 akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la Jiji la Miami. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alipoona taka hazizolewi mitaa ya watu weusi, wananchi wakabeba mifuko ya taka hadi kwenye kikao cha baraza, wakaiweka mbele ya madiwani.

REHEMA: Na taka zikazolewa?

SALUM: Zikazolewa. Basi mwaka 1999 ikasikika kwamba jiji lina mipango ya kuitoa Virginia Key kwa uwekezaji binafsi. Bibi ameshapita miaka 80. Wakaunda kamati, wakasimama mbele ya jiji wakasema hii ni historia yetu na haiuzwi. Ikaundwa bodi maalumu ya kuitunza, yeye akiwa mwenyekiti. Mwaka 2002 ufukwe ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Februari 2008 lango likafunguliwa tena kwa umma. Yeye alikuwa amefariki Novemba 2006.

REHEMA: Miezi kumi na tano tu kabla. Mungu amrehemu. Kaka, hiyo bodi naomba tuiite Bodi ya Amana, maana kwetu neno lipo tayari na lina uzito wake. Ukiwekewa amana, mali si yako. Hutakiwi kuila, hutakiwi kuiacha ioze, na mwenyewe akija unatakiwa uitoe ikiwa nzima.

SALUM: Ndivyo ilivyo. Na hapa mwenye amana ni wale walioingia majini, na hao wengi wamekwisha kufa. Mtunzaji anawajibika kwa marehemu na kwa watoto ambao bado hawajazaliwa.

REHEMA: Na kuitunza kwenyewe kukoje? Si historia tu, pale pana upepo, chumvi na vimbunga.

SALUM: Hapo ndipo utacheka, dada. Adui mmoja mkubwa wa fukwe za huku ni mvinje.

REHEMA: Mvinje huu wetu? Wa kivuli?

SALUM: Huohuo. Sisi tumekua tukikaa chini yake, tunasikia upepo unavyovuma kwenye majani. Hapa ni mgeni, aliletwa. Mizizi yake iko juujuu, majani yake yakianguka yanatandika zulia ambalo mimea ya asili haipenyi, na kasa wanashindwa kuchimba mchanga kutaga. Kimbunga Andrew cha 1992 kiliangusha mivinje ya kisiwa jirani, Key Biscayne, karibu yote, na pale ikapandwa tena mimea ya asili. Mimi nimewahi kwenda kung'oa miche ya mivinje na watu wa kujitolea. Ukiushika unauonea huruma, mwembamba kama unywele. Ukiuvuta unakuja na mzizi mrefu mara tatu ya mti wenyewe.

REHEMA: Mimi ningeshindwa kuung'oa, wallahi.

SALUM: Wa kwanza nilisita. Halafu ukiona shimo la kasa limezungushiwa vijiti na utepe, unaendelea.

REHEMA: Turudi kwenye bodi. Nasikia kulizuka mgogoro.

SALUM: Ulizuka. Mwaka 2022 baraza la jiji lilipiga kura kuwaondoa wajumbe wa bodi, madiwani wakakalia viti wenyewe. Hoja ilikuwa usimamizi wa fedha. Jamii ya watu weusi ikalia: mmetuondoa kwenye kitu tulichokipigania sisi. Mimi sipingi hesabu kukaguliwa. Fedha ya umma ikaguliwe mpaka senti. Lakini kasoro za hesabu dawa yake ni mhasibu. Ukimwondoa mwenye kumbukumbu, umeondoa sababu ya ufukwe huo kutunzwa, na jiji hilihili ndilo lililoweka kufuli mara ya kwanza.

REHEMA: Nakubaliana nawe, ila nitaongeza neno. Wazee nao wawaingize vijana kwenye bodi mapema. Amana ikikaa mkononi mwa watu wa rika moja, siku wakichoka wote wanachoka pamoja. Naliona hata huku. Sikukuu ya Idi Coco Beach inajaa hadi hupati pa kuweka mkeka, kila mtu anasema "beach yetu". Kesho yake ukiuliza nani anaokota chupa, wanabaki kina mama wa mihogo na vijana wachache. Na kwingine njia za kushukia baharini zinazibwa na kuta, tunazunguka, tunazoea.

SALUM: Kuzoea ndiko kunakofunga fukwe. Jambo la mwisho, makumbusho. Mwaka 2004 wapiga kura wa kaunti waliidhinisha fedha za mkopo, na ndani yake kulikuwa na fungu la makumbusho ya Virginia Key. Karibu miaka 20 baadaye jengo lilikuwa bado halijasimama.

REHEMA: Na walioona siku ya kwanza?

SALUM: Aliyekuwa na miaka 10 tarehe 1 Agosti 1945 alizaliwa 1935.

REHEMA: Kaka, yule mama jirani yako. Sauti yake umeirekodi?

SALUM: Jumamosi hii nampeleka kisiwani. Amesema atanionyesha waliposimama siku ya ubatizo, anapajua kwa kuhesabu hatua kutoka njia ya treni. Nimeshachaji kinasa sauti.

REHEMA: Muulize kama lile gauni bado lipo.

SALUM: Lipo. Ameshalitoa sandukuni.